Kumi na Moya

Mimi hula kwa sindano.
Kofia ya vito, miezi mitatu kichwa kimoja,
tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
hata macho yakaanza kuniomba ruhusa.
Kwa hiyo sindano siiogopi.
Ndivyo nilivyomwambia muuguzi
Barke alipojificha nyuma ya buibui langu
akalivuta mpaka nikabaki kichwa wazi
mbele ya wanaume watatu na friji ya chanjo.

Barke ana miaka saba na magoti ya ajuza.
Asubuhi hayakunjuki. Huyakanda kwa maji ya moto,
humsemesha la kulia; la kushoto hununiwa.
Ugonjwa una jina refu la kigeni
ambalo daktari alilikata vipande akanilisha:
walinzi wa mwili wamewageukia wenye nyumba.
Kikulacho ki nguoni mwako, nikakumbuka.
Lakini nguo huvuliwa, ikakung'utwa darini.
Huyu nimvue nini?

Basi walinzi wakatiliwa usingizi.
Vidonge vya manjano, kila Ijumaa usiku,
na Jumamosi ndoo iko kando ya kitanda
na samaki hapikwi nyumba hii, hata harufu.
Miezi minane. Magoti yakanywea.
Akashuka ngazi bila kushika ukuta,
akamkimbiza punda wa Bwana Shekuwe hadi Langoni.
Nikasema alhamdulillahi,
na kimoyomoyo nikauliza:
walinzi wakilala, mlangoni yuko nani?

Daktari naye alikuwa na swali hilo.
Akapima damu. Ile chanjo ya homa ya ini
aliyodungwa pajani akiwa mchanga
(kadi ninayo, imechakaa, muhuri unasomeka)
mwili wake umeisahau.
Sufuri, karatasi ilisema. Si kidogo. Sufuri.

"Adungwe tena. Ila mlinzi anayesinzia
hashiki sura ya mgeni.
Tusimamishe vidonge. Ijumaa mbili tu."

Ijumaa mbili tu. Zihesabu ukiwa na goti lako.

Ya kwanza ilikuwa sikukuu: akala changu wa kukaanga,
akalamba vidole, akalamba na vyangu.
Jumatano iliyofuata goti la kushoto
liliamka kabla yake.
Nikambeba mgongoni chuoni, miguu ikining'inia
kama ya mtoto wa nguo.
Wifi yangu Mwanatumu akasema kutoka dirishani,
"Si mumewaamsha wenyewe?"
Sikumjibu. Mpaka leo jibu linanikaa kooni.

Ijumaa ya pili, usiku, nikasikia mnong'ono.
Nilidhani anasoma dua ya kulala.
Ameinama juu ya goti, anawasemesha:
"Siye. Huyu ni mimi.
Mgeni yuko mkononi, huku juu. Tazameni vizuri."
Na penye alama ya sindano
alikuwa amechora duara kwa kalamu ya buluu,
na mshale kutoka kiwikoni,
wasipotee njia.

Nilirudi kwenye kofia yangu.
Nilishona matundu sita, yote mabaya. Nikafumua.

Damu ikavuka kwenda Manda ndani ya deli la barafu,
ikapanda ndege ambayo mimi sijaipanda.
Wiki tano. Simu ikalia nikiwa naanika.
"Kumi na moja," daktari akasema.
Nikauliza, wenzake?
"Mia. Wengine mia tatu."
Na mstari?
"Kumi."

Moja juu ya mstari. Sikujua nicheke au nikae chini,
nikakaa chini, shuka mbichi mapajani.
Barke hakuuliza kitu. Alitoa kichwa dirishani
akaupigia mtaa kelele kana kwamba ni mabao:
"Kumi na moya! Kumi na moya!"
Na Mwanatumu, asiyejua ni kumi na moja ya nini,
akapiga kigelegele.

Vidonge vimerudi. Ndoo imerudi.
Mwakani watapima tena; namba hushuka, daktari amenionya.
Jana nilimwogesha, nikasugua mkono kwa sabuni
mpaka duara likatoka.
Leo asubuhi nimekuta amelichora upya,
kubwa zaidi,
na kalamu yangu ya kuchorea kofia haionekani.